Ya Saba

Saa nane na robo usiku simu ikatetema kifuani:
diski namba tatu haijibu.
Nikavaa suruali ya jana. Mhoja akanishusha getini
kwa elfu tatu, kwa kuwa usiku nao una bei yake,
na ukuta chini ya taa ulikuwa mweusi, unatembea:
wadudu wa ziwani, wameingia leo kama moshi,
wamejaa kwenye wavu wa feni, laini kama majivu.
Chumba cha seva kinanuka dagaa.
Chama chote kinanuka dagaa: noti, leja,
hata muhuri wa mwenyekiti.

Taa tano za kijani. Moja ya chungwa.
Na ya saba, ile ya pembeni,
ambayo kwa miaka minne haikupepesa hata mara moja,
inapepesa.

Bwana Lugembe aliwahi kuniuliza mbele ya wakaguzi:
Hii ya saba inafanya nini?
Inasubiri.
Inasubiri nini?
Mwenzake afe.
Wakacheka. Akaandika: *inakula umeme bure.*
Mwaka juzi walitaka kuichomoa, iende tawi la Sengerema.
Nikasimama mlangoni na bisibisi mkononi
kama mtu anayelinda maiti.

Asilimia nne.

Saa kumi mwaloni kumeshaamka.
Nkwimba, anayepima magunia, akachungulia dirishani:
Deni langu limo humo?
Limo.
Kwenye hiyo iliyokufa?
Kipande tu. Kila moja imebeba kipande,
na juu yake hesabu ya wenzake,
kwa hiyo hizi tano zikikaa pamoja
zinaweza kukumbuka alichokuwa nacho marehemu.

Akafikiri, kanga mdomoni kwa ajili ya wadudu.
Kama upatu wetu, akasema.
Ng'washi alipofariki hakuacha daftari.
Tukakaa wanane kwenye jamvi, kila mtu akataja
alichompa, alichopokea kwake, siku gani, mvua au jua,
mpaka jioni tukazijua fedha zake zote
na mia tano aliyomficha mumewe.

Nikanyamaza.
Miaka mitatu chuoni, na projekta,
hakuna aliyenieleza hivyo.

Na wakifa wawili?
Hapo, mama, usiniulize.

Maana zote sita zilitoka boksi moja,
duka moja, siku moja,
namba zao zimefuatana kama watoto wa kwaya.
Umri mmoja, joto moja, vumbi moja.
Na usiku huu ninazilazimisha zisome kila kona,
hata zile ambazo hazijaguswa tangu mkopo wa kwanza.
Ninasikiliza kila mkwaruzo.
Ya tano inakohoa, au ni feni?

Asilimia thelathini na nane. Umeme ukakonyeza.
Betri ikalia, mimi nikalia nayo kidogo,
umeme ukarudi bila kuomba radhi.

Asilimia sitini.
Sikunywa chai. Niliogopa hata kuegemea kabati.

Saa moja kasoro dakika tano: mia.
Hapakuwa na shangwe. Nkwimba alikuwa ameshauza na kuondoka,
na deni lake lilikuwa pale pale, laki mbili na arobaini,
zima, halijapungua hata shilingi.

Nikaichomoa ya tatu. Ilikuwa bado na uvuguvugu.
Nikaiandika kwa kalamu ya wino mzito:
*Imekufa. Msijaribu kuiwasha.*
Wanasema akiba haiozi.
Kweli haiozi. Inatumika, inakwisha.

Saa tatu nikapeleka barua: naomba diski mbili,
moja ya kusubiri, moja ya kumsubiri anayesubiri,
na tafadhali zisitoke boksi moja.

Bwana Lugembe akasoma akiwa amesimama.
Mfumo unafanya kazi?
Unafanya.
Basi tungoje bajeti ya Julai.

Leo ni Machi.
Tundu la tatu nimeliziba kwa kitambaa wadudu wasiingie.
Ya saba inafanya kazi ya marehemu, kijani, kimya.
Nyuma yake hakuna mtu.
Simu ninalala nayo kifuani.